Mswada Umerudi Umejaa Rangi: Namna ya Kufanya Kazi na Maoni ya Mhariri

Maswali ni yale yale. "Mhariri kanirudishia hadithi imejaa nyekundu, ina maana sijui kuandika?" "Kafuta sura ya kwanza yote, nimjibu nini?" "Nikikataa maoni yake atakasirika?" Waandishi wapya wa hapa Dar huniuliza haya kwa ujumbe, kwa simu, na mara nyingine kwenye foleni ya mwendokasi. Mimi huandika na pia huhariri kazi za wenzangu, kwa hiyo nayajua malalamiko ya pande zote mbili. Nimeyapanga majibu hapa ili nisiyarudie kila wiki.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha andika hadithi, riwaya, makala au mashairi, akampa mhariri, na sasa kazi imerudi na maoni. Kama hujamaliza rasimu ya kwanza, kamalize kwanza. Mhariri hahariri nia.

KABLA YA KUANZA

Andaa vitu hivi:

- Nakala tatu za faili. Moja ni ile uliyomtumia mhariri, usiiguse tena. Ya pili ni ile aliyorudisha, nayo usiiguse. Ya tatu ndiyo utakayofanyia kazi. Zipe majina yenye tarehe. Mtu mwenye mafaili yanayoitwa "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho wa kweli" atatuma lisilo lenyewe, tena siku ya mwisho.
- Kompyuta, hata ya kuazima. Simu inafungua faili la Word, lakini maoni ya pembeni yanajificha na ni rahisi kufuta aya nzima kwa kidole. Kama kompyuta haipatikani, nenda steshenari ukachapishe. Mwambie kijana wa pale achapishe pamoja na maoni ya pembeni, la sivyo utapewa maandishi matupu na utalipia karatasi bure.
- Daftari na kalamu za rangi mbili.
- Kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mara ya kwanza mwaka 1981 na imesahihishwa tangu hapo, tafuta toleo la karibuni. Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA ilitoka 2015. Muulize mhariri anatumia ipi, nawe utumie hiyo hiyo. Nimeona watu wakibishana siku mbili juu ya neno moja kwa sababu kila mmoja ameshika kamusi yake.
- Makubaliano ya maandishi, hata yakiwa barua pepe ya mistari mitano: nani anamlipa mhariri, kazi itapita kwake mara ngapi, na kila mmoja anarudisha lini.

HATUA YA 1: Jua umehaririwa nini

Hii ndiyo hatua inayorukwa sana, na ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Uhariri si kazi moja. Kuna uhariri wa maudhui: hadithi inasimama au haisimami, mhusika anaaminika, sura zimepangwa sawa. Kuna uhariri wa lugha: sentensi, upatanisho wa kisarufi, tahajia. Halafu kuna kusoma prufu, ambako kurasa zimeshapangwa kama zitakavyochapishwa na kinachosakwa ni makosa yaliyobaki tu.

Mwandishi aliyeomba kusahihishiwa tahajia akaambiwa mhusika wake mkuu hana uhai lazima ashtuke. Mwingine anasubiri prufu ndipo aongeze sura mpya, na hapo mpangaji kurasa ndiye anayeshika kichwa, maana aya moja ikiingia ukurasa wa 14, kurasa zote za mbele zinasogea. Kwa hiyo kabla hujasoma maoni yoyote, mwulize mhariri kwa sentensi moja: "Mzunguko huu ni wa maudhui au wa lugha?" Akisema vyote kwa pamoja, anza na ya maudhui. Hakuna faida ya kunyoosha sentensi zilizo ndani ya sura itakayoondolewa.

HATUA YA 2: Soma mara moja, kisha funga

Soma maoni yote kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kubadilisha hata nukta. Halafu funga. Jibu unalotuma siku hiyo ni la kupokea tu. Kwa mhariri aliyekuzidi umri linatosha hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Mswada nimeupata, ahsante kwa kazi. Naomba niupitie vizuri, nitakuletea majibu Ijumaa."

Kwa mwenzio wa rika, "Kaka, nimeupata, nakucheki Ijumaa" inatosha.

Tahadhari: usijibu hoja yoyote usiku huo huo kwa WhatsApp. Usipige picha ya maoni ukaiweka kwenye kundi la waandishi na maneno "hebu oneni huyu". Dar ya waandishi ni ndogo. Picha hiyo itamfikia mhariri kabla hujalala, na itamfikia pia mhariri mwingine ambaye ungemhitaji mwakani.

Niseme neno kwa wale waliokulia kwenye hadithi za mfululizo za Facebook na WhatsApp. Wewe umezoea maoni ya "tamu sana, twasubiri sehemu ya 12". Wasomaji wale ni wa kweli na mapenzi yao ni ya kweli, lakini wanasoma kipande kimoja kwa siku, wakiwa kwenye daladala. Mhariri anasoma vipande vyote 40 kwa mkupuo. Anaona kwamba kila kipande kinaanza kwa kurudia kilichopita na kinaisha kwa mtu kugongewa mlango. Akikata marudio hayo hajakuchukia. Kwenye simu yalikuwa na kazi yake, kwenye kitabu hayana.

HATUA YA 3: Panga maoni kwenye mafungu manne

Siku ya pili, fungua daftari. Kila oni lipe namba na uliandike kwenye fungu lake:

A. Makosa ya wazi: tahajia, sarufi, jina la mhusika lililobadilika njiani.
B. Makosa ya ukweli: tarehe, mahali, namna kitu kinavyofanya kazi.
C. Mahali msomaji amekwama: "sijaelewa", "hapa nimechoka", "huyu ametoka wapi?"
D. Ladha: "mimi ningependa iishe kwa furaha".

Ukishapanga utaona jambo ambalo kwenye skrini halionekani. Katika maoni mia, mengi ni A. Rangi nyekundu iliyokutisha ni "h" iliyosahauliwa na maneno yaliyounganishwa. Yale yanayohitaji kichwa ni machache, pengine kumi au kumi na tano.

HATUA YA 4: Maliza A na B bila ubishi

Fungu A linafutwa kwa kamusi. Yanayorudi kila mara kwenye miswada ya hapa ni haya: "kwasababu" badala ya "kwa sababu", "kwahiyo" badala ya "kwa hiyo", "mbali mbali" badala ya "mbalimbali", "nime kuja" badala ya "nimekuja", "ambae" na "nae" badala ya "ambaye" na "naye", "uyu" na "ivyo" bila "h", "r" kukaa mahali pa "l". Kuna na urejeshi maradufu: "mtu ambaye aliyekuja". Chagua moja, "mtu aliyekuja" au "mtu ambaye alikuja". Kosa likijirudia, litafute kwenye faili zima ulisahihishe lote, usisubiri mhariri akuwekee alama kila lilipo. Ila sahihisha moja moja ukiangalia, usiamuru kompyuta ibadilishe yote kwa mpigo. Kuna mtu aliamuru "nae" iwe "naye" kila mahali, akajikuta na "ninayenda" na "wanayendelea" kitabu kizima.

Fungu B halina heshima wala umri. Kama umekosea, umekosea. Wasomaji wa Dar wanaijua Dar, na hawasamehi. Hadithi yako ikiwa ya mwaka 1998, mhusika hawezi kuvuka kwenda Kigamboni kwa gari juu ya daraja, maana daraja lilifunguliwa 2016. Mpandishe pantoni pale Feri. Hawezi kupanda mwendokasi kabla ya 2016, wala kupita Daraja la Tanzanite mwaka 2010. Hawezi kutumiwa hela kwa M-Pesa mwaka 2003, kwa kuwa huduma hiyo ilianza hapa 2008. Mwaka 2003 hela ilipelekwa kwa mkono wa mtu, au kwa bahasha aliyopewa dereva wa basi, na kusema kweli bahasha kwa dereva ni hadithi nzuri zaidi. Mhariri akikukamata hapa, mshukuru. Angekukamata msomaji.

HATUA YA 5: Tenganisha mahali na dawa

Hapa ndipo kazi yenyewe. Oni la fungu C huwa na sehemu mbili zilizofungwa pamoja: mahali msomaji alipokwama, na dawa anayoipendekeza mhariri. Mwandishi mgeni anazichukua kama kitu kimoja. Basi ama anatii vyote, ama anakataa vyote.

Ukimwambia fundi cherehani gauni linabana kwapani, habishi kwamba halibani. Wewe ndiye uliyelivaa. Lakini ukimwambia "kata mkono", ana haki ya kusema hapana, natoa mshono wa ubavuni. Mhariri ndiye aliyelivaa gauni lako. Mahali alipoweka alama, kaa napo. Dawa yake ichukulie kama pendekezo.

Tuone kwa mfano. Mwandishi ameandika:

"Zuhura alishuka kwenye daladala Kariakoo. Jua lilikuwa kali sana. Watu walikuwa wengi sana. Alitembea mpaka Mtaa wa Kongo. Alikumbuka kwamba mama yake alifariki kwa kisukari na tangu hapo yeye ndiye aliyewalea wadogo zake watatu, Asha wa darasa la tano, Juma wa la tatu na Mwanaidi anayeanza la kwanza. Alianza kutafuta duka la sare."

Mhariri ameandika pembeni: "Ondoa habari za mama. Zinachelewesha."

Mwandishi anawaka: mama ndiye roho ya hadithi! Ni kweli, naye asiondoke. Lakini na mhariri amekwama kweli. Soma tena aya ile kwa sauti utasikia kwamba miguu ya Zuhura inasimama katikati ya barabara ili sisi tupewe taarifa kama ya fomu ya serikali ya mtaa. Mahali ni sahihi. Dawa, kuondoa, si lazima. Jaribu nyingine:

"Zuhura alishuka Kariakoo, akaingia Mtaa wa Kongo jua likiwa utosini.
'Sare, dada? Za wangapi?'
'Watatu.'
Muuzaji alimwangalia juu mpaka chini. 'Umri huo una watoto watatu?'
'Wadogo zangu.'
'Na mama yuko wapi?'
Zuhura alivuta shati la darasa la tano, akaukagua mshono wa bega. 'Hili bei gani?'"

Kisukari hakijatajwa na kinaweza kuja sura ya tatu. Mama yumo zaidi kuliko mwanzo. Mhariri akirudishiwa hii hatauliza kwa nini hukufuata maelekezo yake.

Kwa kila oni la C fanya hivi: piga mstari mahali, andika kwa maneno yako msomaji amekwama kwa nini, kisha andika dawa mbili zako kando ya ile ya mhariri. Chagua moja katika tatu. Mara nyingine utakuta ya mhariri ndiyo bora, na hapo itumie bila kununa.

Tahadhari mbili. Ya kwanza: usijibu "sijaelewa" kwa kumweleza mhariri kwa simu. Akikuelewa yeye, msomaji wa Tandika aliyenunua kitabu chako atapigiwa na nani? Maelezo uliyotaka kuyasema kwenye simu ndiyo yaliyokosekana kwenye ukurasa. Ya pili: usiongeze aya tatu za ufafanuzi pale ambapo sentensi moja iliyohamishwa ingetosha. Waandishi wengi wakiambiwa hawajaeleweka huongeza maneno, na mswada unanenepa.

Fungu D nalipita haraka. Ladha ni ladha. Sikiliza, fikiri, amua. Ila kama watu wawili wasiojuana wamesema kitu kimoja kwenye fungu D, kihamishie C.

HATUA YA 6: Linda lugha ya wahusika, lakini kwa utaratibu

Malalamiko yanayonijia sana kutoka kwa vijana ni haya: "Mhariri kanisanifishia konda." Konda kaandikwa anapaza sauti, "Suka, twen'zetu, nyuma wamepanda!" Mswada umerudi anasema, "Dereva, twende zetu, abiria wa nyuma wameshapanda." Hapo nakubaliana na kijana. Konda wa Gongo la Mboto haongei kama taarifa ya habari, na mhariri anayemsahihisha anaua mtu.

Lakini upande wa pili upo. Kama msimuliaji mwenyewe, asiye mhusika, anachanganya "demu" ukurasa wa kwanza, "binti" ukurasa wa tatu na "mwanadada" ukurasa wa tano, hiyo si sauti, ni uzembe. Kanuni ninayotumia mimi: usimulizi uwe na lugha moja iliyochaguliwa, na mazungumzo yawe ya mwenye mdomo. Msimuliaji akiwa ni kijana wa mtaani tangu mwanzo, lugha yake ibaki ya mtaani hadi mwisho.

Ili usibishane neno kwa neno, tengeneza karatasi ya maamuzi. Ni ukurasa mmoja unaoorodhesha mlichokubaliana: "bodaboda" neno moja, "mwendokasi" neno moja, herufi ndogo, saa kwa maneno na kwa hesabu ya Kiswahili, "saa mbili asubuhi", hela kwenye usimulizi ni "shilingi elfu tano", kwenye mazungumzo ni "buku tano", wahusika fulani na fulani lugha yao isiguswe. Mtumie mhariri karatasi hii kabla ya mzunguko wa lugha. Hata mhariri mkali hutulia akiona kwamba "twen'zetu" imeamuliwa, haikuponyoka.

HATUA YA 7: Kama ni ushairi, hesabu upya

Wenye hadithi rukeni hapa. Mhariri akibadilisha neno moja kwenye shairi la arudhi, yaani lile la vina na mizani, kubali au kataa baada ya kuhesabu. Mshororo wa mizani (silabi) 16, nane kwa nane, hauvumilii ukarimu. Ukibadilisha "kwa kuwa" kuwa "kwa sababu" umeongeza mizani moja, na kipande cha mizani nane kimekuwa cha mizani tisa. Kina cha kati nacho huvunjika hivyo hivyo. Mwandikie mhariri namba: "Hapa mizani zimekuwa tisa, naomba neno la silabi tatu." Mhariri asiyejua kuhesabu mizani asihariri mashairi ya vina, na una haki ya kumwuliza kabla ya kumpa kazi.

HATUA YA 8: Kataa kwa maandishi, kwa sababu, kwa adabu

Tatizo letu hapa Dar si ubishi. Ni kukubali kwa mdomo. Mhariri ni mtu mzima, labda aliwahi kukufundisha chuo, umemwamkia shikamoo. Utaanzaje kumwambia hapana? Basi unaitikia ndiyo kwa kila jambo, unarudi nyumbani, hubadilishi kitu. Mzunguko wa pili anakuta oni lake lile lile halijaguswa wala halijajibiwa. Yeye anaiona hiyo kuwa dharau kubwa kuliko hapana yenye sababu. Mwingine anakubali yote kwa woga, kitabu kinatoka, kisha anazunguka kila mkutano wa waandishi akisema "kile si kitabu changu, mhariri alikiharibu". Mhariri yule alisubiri hapana ambayo haikuja.

Kukataa kuna sehemu tatu: shukrani fupi, sababu iliyo ndani ya kazi, na unachofanya badala yake. Mfano:

"Mwalimu, oni namba 31 kuhusu barua ya mjomba: nimeona inavyokatisha mwendo. Sijaitoa kwa sababu sura ya tisa inaitegemea pale barua inaposomwa mahakamani. Badala yake nimeifupisha kutoka ukurasa mzima hadi mistari sita. Kama bado inasumbua, naomba uniambie."

Sababu zisizokubalika: "nimezoea kuandika hivyo", "rafiki zangu wameipenda", "ilitokea kweli". Hii ya mwisho inawauma watu, lakini jambo likitokea kweli Manzese bado linaweza lisiaminike kwenye ukurasa, na kazi yako ni ukurasa.

Usikatae kila kitu. Ukikuta umekataa zaidi ya theluthi ya fungu C, weka mswada kando siku kadhaa uanze upya.

HATUA YA 9: Rudisha na barua ya maelezo

Tuma faili moja, kwa barua pepe, si vipande vya WhatsApp. Juu yake weka barua ya nusu ukurasa: fungu A na B yamekamilika, C namba hizi nimefuata, hizi nimetibu kwa njia nyingine, hizi nimeacha kwa sababu zifuatazo, karatasi ya maamuzi imeambatishwa. Acha mabadiliko yako yaonekane kwa rangi ili mhariri asianze kuwinda ulichogusa. Kama umeongeza kitu ambacho hakikuombwa, kiseme. Sura iliyopenyezwa kimyakimya ikigundulika kwenye prufu, imani imeisha.

UKIKWAMA

Faili limefunguka lakini maoni siyaoni.
Kwenye Word nenda sehemu ya Review uchague kuonyesha mabadiliko yote. Ikishindikana, mwombe mhariri akutumie nakala ya PDF yenye maoni. Ni kazi ya dakika moja kwake.

Mhariri anatuma maoni kwa sauti, dakika kumi kumi.
Sikiliza, andika kwenye daftari, kisha mtumie ulichoandika: "Nimeelewa mambo haya saba, kuna nililokosea?" Ujumbe wa sauti haupekuliki wiki tatu baadaye, na simu hupotea.

Nikisoma hadithi iliyohaririwa siisikii tena sauti yangu.
Chukua kurasa mbili, za zamani na mpya, usome kwa sauti mbele ya mtu. Kama ni kweli, mwombe mhariri asimame kwenye sura moja, muipitie pamoja mkakubaliane mipaka, ndipo aendelee. Usisubiri amalize sura 20.

Wahariri wawili wanapingana.
Angalia kama wanapingana kuhusu mahali au kuhusu dawa. Mara nyingi wameweka alama aya ile ile, mmoja anasema fupisha, mwingine anasema fafanua. Maana yake aya ile ina ugonjwa. Wakipingana kabisa, mwenye neno ni yule atakayekichapisha, pamoja na wewe.

Mhariri kanyamaza.
Subiri tarehe mliyoandikiana ipite. Kumbusha mara moja kwa barua pepe, wiki inayofuata kwa simu saa za kazi. Baada ya hapo una haki ya kuomba mswada wako na, kama ulilipa, sehemu ya hela ambayo haijafanyiwa kazi.

Gazeti limebadilisha kichwa cha makala yangu bila kuniuliza.
Magazetini kichwa ni cha dawati la wahariri, na urefu unaamuliwa na nafasi iliyobaki. Lalamika tu pale mabadiliko yalipogeuza ukweli au kukusemesha usichosema, na hapo omba sahihisho kwa maandishi siku hiyo hiyo.

Naogopa ataiiba hadithi yangu.
Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 1999, kazi inalindwa tangu inapoandikwa, haisubiri kusajiliwa. Ushahidi ndio wa kutunza: barua pepe yenye tarehe uliyomtumia, rasimu za zamani, daftari. Ukitaka uhakika zaidi, kuna COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ya kusajili kazi. Lakini kusema kweli, anayeibiwa zaidi hapa mjini ni yule aliyeweka hadithi nzima kwenye makundi kabla ya kuichapisha.

Mhariri wa kukodi anadai nyongeza katikati ya kazi.
Rudi kwenye yale makubaliano. Kama ulituma kurasa 120 na sasa zimefika 200, ana haki. Kama kazi ni ile ile, bei ni ile ile. Kama hamkuandikiana chochote, lipia kilichofanyika, mwandikiane sasa, ndipo muendelee.

Maoni yake ni matusi, au anataka tukutane hotelini "kupitia mswada".
"Sura hii inachosha" ni maoni. "Watu wa kabila lako hawawezi kuandika" si maoni, na hulazimiki kuyavumilia. Mikutano ya kazi ifanyike ofisini, au mahali penye watu mchana, kama Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi Mohamed. Anayeweka mwili wako kuwa bei ya kuchapishwa anaomba rushwa ya ngono, ambayo ni kosa chini ya sheria ya rushwa ya 2007. Tunza ujumbe wake, usiufute kwa hasira, na uupeleke TAKUKURU.